Shahidi wa Pikap Iliyoungua

Nilitoka Katangi asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa, sweta begani, simu nimeizima. Sikujua ninakwenda wapi. Nilijua tu kwamba mchana wazee wangeketi nyumbani kwa mheshimiwa, na mimi ndiye niliyengojwa niape.

Mheshimiwa alikuwa mwakilishi wa wadi yetu kwa vipindi viwili. Alianza kama mpakiaji wa mchanga mtoni, na kilichompandisha ni mwethya, vile vikundi vya akina mama wanaochimba matuta ya mashamba kwa zamu. Wanasiasa wengine walikuja na soda na hotuba. Yeye alikuja na jembe lake, akavua shati, akachimba bila kutaja kura.

“Huyu amefukuzwa na bibi yake,” mama mmoja alimtania.

“Hajanifukuza. Amenikodisha,” akajibu, na akina mama wakaegemea majembe wakicheka.

Mimi niliachia shule darasa la saba, nikazurura kazi hadi kazi, mpaka akanipa kipaza sauti kwenye pikap yake ya kampeni na kibanda cha kulala uani kwake. Nilimuuliza kila kitu kuhusu siasa. Alinijibu kila kitu. Nilimpenda.

Kisha akashindwa uchaguzini. Siku chache baadaye pikap ikaungua uani usiku. Nyaya za spika zilikuwa zikitoa moshi tangu kampeni, na yeye mwenyewe alishawahi kuzimwagia mchanga. Lakini alitangaza sokoni kwamba ndugu wa mpinzani wake ndiye aliyeichoma. Yule akakana. Mheshimiwa akaitisha kithitu.

Kithitu ni kiapo ambacho hata wanaokaa kiti cha mbele kanisani hawakichezei. Ukiapa uongo unakufa, na jamaa zako wanakufuata mmoja mmoja. Anayedai ndiye huleta shahidi wa kuapa.

“Utasema ulimwona akiruka ua,” aliniambia.

“Sikumwona, mheshimiwa.”

“Ulikuwa umelala. Mtu aliyelala atajuaje hakuona nini?” Akacheka. “Na wewe, mtu wa maswali mengi, unaamini mambo ya wazee?”

“Kama hayana nguvu, si uape wewe?”

Kicheko kikakoma. Akanifuta vumbi begani taratibu. “Vijana wangu wanajua kwa mama yako,” akasema, kama mtu anayetuma salamu.

Mwaitu, yaani mama yangu, nilipomsimulia hakulia. Alifungua mbuzi wake, akafunga mlango, akaenda kwa kaka yake siku hiyohiyo. “Nyumba wachome,” alisema. “Wewe usiniletee kifo kwa mdomo.”

Basi asubuhi ile nikawa barabarani. Kila pikipiki iliyotokea nyuma ilinifanya nishuke mtaroni kama mtu anayekwenda haja. Lori la mbuzi likasimama.

“Unaenda wapi?” dereva akauliza.

“Unakoenda.”

“Mimi naenda Ekalakala. Hawa pia waliniambia hivyo,” akasema, akionyesha mbuzi.

Nilipanda nao nyuma. Niliinama kila tulipopita soko, na hata kwato kwenye mbao zilinishtua.

Ekalakala sikuwahi kufika. Nyuma ya duka la mahindi nikaona vyumba vya kulala wageni, na mama mwenye leso mbili akipepeta maharagwe mlangoni.

“Uko na shida na polisi?” aliniuliza.

“Hapana, mama. Nilitakiwa niape kithitu, na sikuona kitu.”

Mikono yake ikasimama. Kisha akaingia akaleta funguo. “Sikupi kile chumba cha nyuma. Chukua hiki karibu na jiko langu.”

Ndani nikawasha simu. Iliita papo hapo.

“Uko wapi?” Ilikuwa sauti ya mheshimiwa, lakini ya chini, kama ya mtu aliyejificha. “Wazee wamefika. Wanasema nisipoleta shahidi, niape mwenyewe.”

Nyuma yake nilisikia watu wakikohoa, wakimngojea.

“Usiape, mheshimiwa. Waambie ni nyaya.”

“Sokoni wote walinisikia.”

“Waambie tu.”

Simu ikakatika. Nikampigia. Haikupokelewa. Nikampigia tena. Yule mama akachungulia, akaniuliza kama nitakula maharagwe, nami nikamwomba kwanza akae nami kidogo.