Athmani na Hodi ya Tatu

Mkono wangu unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Athmani. Jana asubuhi tulizungumza kwa simu. Jana jioni akazikwa, hapa hapa Kisauni.

Kwa wasiomjua: Athmani ndiye aliyeongoza filamu yetu ya katuni. Tulichukua hadithi ya zamani ya kusaka hazina, yenye ramani na majambazi. Yeye akaihamishia Likoni ya miaka ya arobaini, wakati wa vita, taa zikizimwa kwa amri na askari wakizunguka. Alichora watu. Mimi nilipaka rangi nyumba, mikoko na mawingu.

Sini moja tu, kipande kimoja cha filamu, ndiyo iliyotutia mashakani.

Kibibi, msichana mwenye ramani, anakimbizwa gizani. Anafika kwenye nyumba ya bibi mmoja asiyemjua. Anasimama mlangoni, anapiga hodi.

Bwana Peter, msimamizi wa wafadhili wetu kutoka Nairobi, aliitazama kwenye laptop akashika kichwa. "Athmani, come on! Mtu anafukuzwa na visu, asimame kupiga hodi? Asukume mlango, aingie!"

"Aingie nyumba ya watu vivi hivi? Mamake atamlaani kabla hao wa visu hawajamfikia."

"Basi hodi moja."

"Ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu, ageuke arudi."

"Arudi kwa majambazi?"

"Ehee! Waona moyo wako ulivyoruka?"

Bwana Peter hakucheka. Alisema tukate, la sivyo wafadhili wajitoe na filamu ibaki kwenye kompyuta zetu. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wakubwa wake.

Nakumbuka siku ya kurekodi pumzi za Kibibi. Athmani alitaka pumzi za kweli. Akapanda na kushuka ngazi za studio mbio, maikrofoni mkononi, mpaka akaketi ghafla katikati ya ngazi, mkono kifuani.

"Umerekodi, dada Kadzo?"

Nikamwambia twende hospitali.

"Nakuuliza, umerekodi?"

Nilikuwa nimerekodi. Pumzi hizo zimo ndani ya filamu.

Namkumbuka akichora. Kila akifuta, alipuliza takataka za kifutio upande wangu, na kila mara, "Samahani, Kadzo." Kila siku. Hakuhamisha kiti hata mara moja.

Shangazi yake, Bi Zuhura, ndiye aliyetia sauti ya yule bibi. Mimi, kwa hofu ya kukosa wafadhili, nilimsihi aitike upesi kidogo. Akanitazama. "Mimi kizee. Niamke, nijitande leso, nishike ukuta, ndipo niitike. Wewe wataka niitike kama mbuzi?"

Athmani alicheka mpaka akakohoa. Kile kikohozi hakikukoma tena.

Wiki iliyopita moyo ukamlaza hospitali. Deadline yetu, siku ya mwisho ya kukabidhi filamu, ilikuwa jana. Akamwomba Bwana Peter jambo moja: filamu ionyeshwe kwanza kwa watu wa kawaida, sini ile ikiwemo, kwenye ukumbi wa kanisa ninalosali mimi, Changamwe, naye Bwana Peter akiwepo. Watu wakiichoka sini ile, tukate.

"Na wakichoka kweli?" nilimuuliza pale kitandani.

Alikunja na kukunjua pembe ya shuka. "Basi nitakuwa nimewasahau watu wetu."

Sijawahi kumwona na woga ule.

Jana asubuhi ukumbi ulijaa. Akina mama na leso zao, vijana wa vibarua, wazee wa msikiti wa jirani. Nilisimama nyuma, simu nimeiinua juu, Athmani upande wa pili akisikiliza. Mbele yangu Bwana Peter alikuwa akitikisa goti.

Kibibi akafika mlangoni.

"Hodi!"

Kimya. Nyuma yake, taa ya majambazi ikatokea kwenye mikoko.

"Hodi!"

Kimya. Goti la Bwana Peter likatulia.

"Hodi!"

Kimya. Kibibi akashusha mkono. Akageuka taratibu kuielekea ile taa.

"Karibu!" mama mmoja wa mbele akapaza sauti. "Karibu, mwanangu!" Wa pili akadakia. Kisha ukumbi mzima, Wakristo kwa Waislamu, "Karibu! Ingia! Pita ndani, wanakuja hao!" Mzee mmoja alikuwa ameshasimama na bakora yake. Bi Zuhura alipoitika kwenye filamu, hakuna aliyemsikia.

Nikaweka simu sikioni.

"Kadzo, mbona fujo? Wamekasirika?" Sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

"La. Wanaitikia."

"Wanamwitikia nani?"

"Kibibi. Wamemkaribisha."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Alhamdulillahi. Usikate simu. Niache nisikilize."

Nikaiinua tena. Mkono uliniuma lakini sikuushusha. Filamu ilipokwisha nikamwita, "Athmani! Athmani, umesikia makofi?"

Aliyejibu ni muuguzi.

Bwana Peter alinikuta nimekaa kwenye benchi na simu mapajani. Sikuhitaji kumwambia. Akakaa kando yangu. Akasema, "Sini ile isiguswe. Hata kidogo." Jioni alikwenda makaburini pamoja na wanaume wengine, akarudi na udongo kwenye viatu vyake vya ofisini.

Sasa nakwambia wewe, Athmani, maana nilikuwa na neno kwenye simu na likapokewa na mtu mwingine.

Hukuwasahau watu wetu. Nilitaka ulisikie kwangu, mimi niliyekuwa na wasiwasi kuliko wote.

Filamu itatoka kama ulivyoichora. Lala bila shaka yoyote, ndugu yangu. Mungu akupe kauli thabiti, alipanue kaburi lako, na amshike mkono mamako.