Kwaresima Bila Chumvi

Majivu waliyopakwa Wakristo wa Masasi, Kwaresima ile ya kwanza baada ya kanisa kuchomwa, yalikuwa yangu. Vijana wa sasa hawajui, na wazee wanaojua wamechoka kusimulia. Mimi pia nimechoka, lakini jambo lako usipolisema mwenyewe, nani atakusemea?

Shule sikukaa sana. Niliokota herufi kwa mwalimu wa misheni, nikaacha, maana tumbo halijui kusoma. Nikajifunza chumvi. Vita vya Maji Maji vilipofunga njia ya Lindi, chumvi ya pwani haikupanda tena, na watu wakawa wanakula mboga chapwa kama mbuzi. Mimi kiangazi nilikuwa nimekata matete na nyasi za bondeni, nikazichoma, nikaweka majivu yake akiba mahali pakavu. Unayatia kwenye chungu kilichotobolewa kitako, unamwagia maji, yanayodondoka unayachemsha mpaka yakauke. Kinachobaki ni chumvi. Ya kijivu, ina uchungu kidogo, lakini ni chumvi. Wayao walikuja kwangu, Wamakua walikuja, hata askari wa Mdachi walimtuma mtu. Hakuna aliyenishika mkono kunifundisha. Nyumba hii ninayolala leo, yenye milango miwili, ilianzia kwenye chungu kile.

Sasa, matawi ya Jumapili ya Matawi huwekwa mwaka mzima ili mwaka unaofuata yachomwe, yatoe majivu ya Kwaresima. Yetu yalikuwa yameteketea pamoja na kanisa, na majivu ya kanisa lenyewe yalikwisha kusombwa na mvua. Padri wetu, mtu mweusi mwenzetu, aliyebaki nasi Wazungu walipokimbilia pwani, akaja kwangu na bakuli. Majivu ya jikoni yako kila nyumba, alisema, lakini yeye alitaka ya kitu kilichokatwa kibichi, kama matawi. Nikamjazia bakuli bila kumtoza kitu.

Lakini siku ile moyo wangu haukuwa kwenye bakuli. Ulikuwa kwa mama.

Nilikuwa nimemtoa Newala, upande wa Kitangari, baada ya askari kuchoma maghala ya watu. Nilimteremsha ule mlima wa Newala mgongoni, na hakuwa na uzito wa kunichosha. Nilichoka kwa namna nyingine. Alikuwa Mmakonde wa zamani, ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, aliyebatizwa uzeeni, na ubatizo wake aliubeba kama wanawake wa kule juu wanavyobeba mtungi walioujaza bondeni: tone halimwagiki. Chakula chetu kilikuwa ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo unachimba kutwa upate ya kujaza kibakuli. Naye akasema atafunga kama miaka yote, hatatia kitu mdomoni mpaka jua lizame, na hapo ataonja tu. Mke wangu akanivuta pembeni, akaniambia mama akifunga hivyo tutamzika kabla ya Pasaka.

Nikamfuata padri, nikamweleza. Jumatano ile ya Majivu tuliposali chini ya kibanda cha miti, akatangaza kwamba mwaka huu hakuna kufunga. Njaa imekwisha kutufungia. Mwenye chochote ale, amshukuru Mungu. Watu wakashusha pumzi.

Kisha majivu. Mimi nilipakwa wa kwanza, nikasimama kando ya padri nimeshika bakuli, na siwezi kuficha, nilisimama vizuri. Mzee mmoja wa Kimakua, alipokwisha kupakwa, akanigeukia akaniuliza, "Leo bure. Kesho nikilamba paji langu, utanidai kuku?" Watu wakacheka kicheko cha wagonjwa. Zamu ya mama ilipofika, padri alimwambia yale maneno, kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi. Mama akamjibu, "Najua, baba," akaondoka.

Nyumbani mke wangu akapika ming'oko, akaitia chumvi yangu, akamwekea. Mama hakuigusa.

"Mama, padri amesema tule."

"Nimemsikia. Masikio yangu bado mazima."

"Sasa?"

"Njaa hii ameileta Mdachi. Mimi nimenyimwa tu. Kunyimwa si kufunga, mwanangu. Mtu hufunga kitu alicho nacho."

Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia nimembeba mlima mzima, na sina mgongo wa kumbeba tena kwenda makaburini. Alikuwa anatazama ukutani, kule vilikopangwa vyungu vyangu.

"Humu ndani kuna kitu gani kimejaa?" akauliza.

Mke wangu akainamisha uso. Nikasema mimi mwenyewe, "Chumvi."

"Basi nitafunga chumvi. Mpaka Pasaka."

Iliniuma. Nikamkumbusha kwamba watu wanalala njiani kufuata kibaba cha chumvi ile, na hakuna mwingine Masasi nzima anayeweza kuitengeneza, leo mama yangu mzazi ndiye wa kuikataa.

"Kwani ningefunga nini?" akasema. "Kitu kibaya?"

Mke wangu akabandika chungu kingine, maji matupu na ming'oko iliyobaki. Ilipoiva mama akala. Alikula polepole, mvuke ukimpiga usoni, mpaka majivu yakateremka kwenye nyusi. Katikati akasimama, akatafuna hewa, akasema, "Haina ladha hata kidogo." Akaendelea. Bakuli likaisha, akalisukuma mbele, kuonyesha kwamba anataka tena.

Chungu kilikuwa kitupu. Iliyobaki ilikuwa ile ya kwanza, yenye chumvi, nayo hakuitazama. Nikachukua jembe, nikatoka kwenda kuchimba mingine. Mvua ilikuwa inanyesha. Paji langu la uso lilikuwa limekwisha kuoshwa majivu kabla sijafika porini.