Kijaluba cha Mlango wa Bibi Saada

Enzi zetu, ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, ungeweza kuijua siku kwa pua. Ijumaa ni pilau na udi. Jumamosi asubuhi ni mkate wa Bibi Saada. Wenzangu mliokula mkate ule mwanijua, basi nisikilizeni, maana leo nataja majina.

Sisi tulikuwa Mayahudi. Naam, nimesema. Babu yangu alikuwa sonara. Alikuja kutoka Yemeni na mkewe, Bibi Saada, akafungua kiduka na kufua bangili za harusi za mama zenu. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo dini yetu siijui kwa kitabu. Naijua kwa tumbo. Mombasa nzima yala papa, kamba na supu ya pweza, sisi twameza mate, kwani kitu cha baharini kisicho na magamba na mapezi hakipiti mlango wa Bibi. Nyama na maziwa havikukutana, kila kimoja na sufuria yake, na ukizichanganya utajuta.

Ijumaa kabla jua halijachwa, Bibi huwasha taa mbili, akafunika macho kwa viganja, akanong'ona dua zake. Mkate alikuwa ameshautia kwenye chungu juu ya makaa, ulale humo mpaka asubuhi. Tangu hapo hadi Jumamosi nyota zitoke, ni Sabato. Hakuna kuwasha moto, hakuna kushona, hakuna kuuza. Hata kumtuma jirani awashe taa hakuthubutu. Husimama tu dirishani.

"Bi Mwanaisha, nyumba yetu ina kiza leo."

Bi Mwanaisha wa nyumba ya mkabala, Mwislamu wa swala tano, huvuka kichochoro akicheka. "Sema washa taa, Saada, ulimi hautakatika!"

"Mimi sikukwambia kitu. Ni wewe na moyo wako."

Kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia, Babu alipigilia kijaluba cha fedha, chembamba kama kidole, kimeinama kidogo. Ndani mna kipande cha ngozi chenye maneno ya Torati. Aingiaye na atokaye hukigusa, kisha hubusu vidole. Sisi watoto twaruka kukifikia huku twakimbilia kucheza kibe. Ajabu iko wapi? Nyumba ya Tawfiki, ukuta kwa ukuta nasi, ilichongwa aya ya Kurani juu ya mlango.

Ndiye huyo Tawfiki ninayemtaja leo. Mwanawe alishikwa na degedege, na mkewe Zuhura akasema kijaluba chetu ndicho kinachomla mtoto. Jumamosi asubuhi wakaja, kichochoro kikajaa watu.

"Kitoeni! Mmeficha uchawi humo!"

Bibi akatoka, Babu alikuwa ameshakufa. "Tawfiki mwanangu, juma lililopita umekula mkate wangu. Mkate haukukudhuru, kijaluba kitakudhuru?"

"Mkate ni mkate. Hicho chasema nini?"

Bibi akayatamka kwa Kiebrania, kisha kwa Kiswahili. "Sikia, Israeli, Mola wetu ni Mola mmoja."

Bi Mwanaisha akapaza sauti. "Astaghfirullah, Tawfiki! Na wewe wamjua Mola wa pili?"

Watu wakaanza kutazamana, na yangeishia hapo. Lakini aliyetumaliza alitoka ndani. Ami Yusufu, mtoto wa tumbo la Bibi, na koleo la Babu mkononi. Aliogopa wateja watalikimbia duka. Akaking'oa mbele ya umati, siku ya Sabato, siku ambayo mamake hata uzi haukati.

"Haya, mmeona? Kwetu Uyahudi umekwisha."

Akakitupa chini. Bibi hakulia. Aliinama akakiokota, akakibusu, akaingia ndani. Mkate wa siku ile ulibaki chunguni, hakuna aliyeufunua.

Mtoto wa Tawfiki alipona kwa dawa za malaria. Tawfiki akazeeka akitupa "sabalkheri" kila siku, mkavu wa macho. Ami Yusufu alikwenda bara na jina jipya. Bibi alikufa mlango wake ukiwa uchi. Aibu yao waliiacha, na mimi ndiye niliyebaki nayo.

Watoto wa leo milango yao ina vibandiko vya timu za mpira za Ulaya, kengele ziimbazo, na kamera ya kumwogopa jirani ambaye hata jina hawalijui. Mkate wao huja umeshakatwa, na Jumamosi yao hainuki kitu. Natamani niwacheke, niseme enzi zetu zilikuwa bora. Lakini sisi tulijuana mpaka sufuria, na waliotujua mpaka sufuria ndio waliokuja.

Kijaluba ninacho, kimefungwa kwenye leso chini ya godoro, huku Majengo nilikopanga. Misumari niliinunua, ikashika kutu. Jana natoka, mkono ukapanda wenyewe, ukagusa mwimo mtupu, nikabusu vidole. Jirani yangu alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Shoga, wafanya nini hapo?"

"Nafuta vumbi," nikamwambia.