Mwiba wa Mlimao na Neno Pole

Jana, mwanangu, nilikusikia kutoka uani. Pasi iliunguza gauni la mteja, ukajiita mjinga mara tatu, kisha ukamgeukia mdogo wako na kumfokea kwa kosa lisilo lake. Niliitambua sauti hiyo. Ilikuwa yangu. Leo kaa kidogo, cherehani haitakimbia, nikusimulie asubuhi moja ambayo bado inanishangaza.

Nilikuwa mke mpya, nimetoka hapa Mususa, Butembo, kwenda kuolewa kule Kamango, karibu na mpaka wa Uganda. Mama mkwe wangu alilima vanila. Shina lake la kwanza alilivusha mpaka mwenyewe, limefungwa kwenye majani ya ndizi, na mashina mengine yote ya shamba yalikatwa kutoka kwake. Hilo la kwanza tuliliita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu.

Hujawahi kuliona ua la vanila, basi nikueleze. Linafunguka asubuhi moja tu. Jua likipanda, limekwisha; lisipozalishwa, kesho yake linadondoka. Kwetu hakuna mdudu wa kulizalisha, kwa hiyo mtu huenda na mwiba wa mlimao, akalipasua taratibu, akainua kiutando kidogo kinachotenga dume na jike ndani yake, akabonyeza kwa kidole gumba. Ni hivyo tu, na baada ya miezi tisa unavuna. Mimi mzee sasa, lakini nikikumbuka kwamba Mungu aliacha kazi kubwa namna hiyo kwenye kidole cha mtu, mwili unanisisimka.

Msimu ule mama mkwe alikwenda Beni kwenye msiba, akakaa huko miezi kadhaa, akaniachia Koko. Aliniambia nisizalishe zaidi ya maua saba kwenye kichala kimoja. Nilisikia vizuri, ila nilitaka sifa. Nikazalisha yote, kila asubuhi, bila kubakiza. Wifi yangu Masika, ambaye tulikuwa rika moja, aliniambia inatosha, nami nikamwambia ana wivu. Vanila zikaning'inia nyingi, nikawa natembea shambani kifua mbele. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano na shina likanyauka. Koko alijimaliza kwa kulisha watoto wengi kupita nguvu zake.

Mama mkwe aliporudi alilishika shina lile, akanipa pole. Sikuisikia. Nilianza kujiita mkosi. Msimu uliofuata nilitia mwiba kwa papara, nikavunja maua, na kila nililovunja nilijitukana. Matusi yakinijaa niliyamwaga kwa Masika. Siku moja nilimwambia ana mikono ya jembe. Akatupa mwiba wake chini, akaondoka shambani analia. Nikaingia ndani nikaanza kufunga nguo zangu nirudi Butembo, niache ndoa na kila kitu, maana niliona nyumba ile itapona nikiondoka.

Mama mkwe alinikuta nakaza fundo. Hakugombeza. Alinishika mkono mpaka shambani, akanikalisha mbele ya ua moja.

"Hapana gusa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kamango, chenye Kifaransa ndani yake. "Angalia kwanza. Pumua. Moyo ikianza kukutukana, isikie tu, halafu urudie kwa pumuzi yako."

Nikakaa. Moyo ulinitukana kweli, nikarudi kwenye pumzi, ukanitukana tena. Baadaye akaniuliza, "Masika akianguka na mutungi, unamuambia nini?"

"Pole, Mama."

"Na wewe ulianguka na Koko. Nani alikupatia pole?"

Nikaanza kung'oa nyasi.

"Mimi nilikupatia, mais haukuipokea. Donc leo ujipatie wewe mwenyewe."

Niliweka kiganja kifuani nikajiambia pole. Niliona aibu, nikacheka, halafu nikalia sana. Nilipofuta macho niliona ua. Lilikuwa la kijani hafifu, lina tone la umande mdomoni, na chungu mmoja anakunywa pale. Nilikuwa nimeshika mamia ya maua na sikuwa nimeona hata moja. Sijui nikwambieje, mwanangu. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya. Mkono wangu ulitulia, nikatia mwiba, na ua lile halikudondoka kesho yake.

Nilimfuata Masika jikoni. "Nilikutukana sababu nilikuwa najitukana," nikamwambia. "Unisamehe."

Alifuta mikono kwenye kitenge. "Kuya basi, tuende shambani," akasema, "bado upande wa mutoni, na jua inapanda."

Tulipomaliza, mama mkwe alituita nyuma ya jiko. Pale palikuwa na kipande cha shina, kimeshika mti, kina majani mawili mapya. Ilikuwa ncha ya Koko. Aliikata ingali mbichi siku ileile aliyorudi kutoka msibani, akaipanda.

"Nilikuwa nangoja uinue kichwa, uione," akaniambia.

Nilipiga magoti kwenye majivu. Msimu mzima nilipita pale na ndoo yangu, macho chini.

Basi mwanangu, ukikosea, usianze na tusi. Simama. Pumua mpaka uone kilicho mbele yako. Jipe pole kwanza, kama unavyompa jirani aliyejikwaa, kisha urekebishe kinachorekebishika. Ukali unaojifanyia hautabaki kwako. Jana ulimfikia mdogo wako. Na upole ni hivyohivyo, nao haubaki.

Vanila anayotutumia Masika kutoka Kamango, hiyo ninayokutilia kwenye chai, inatoka kwenye kipande kile cha nyuma ya jiko. Kunywa ukikumbuka.

Mungu akutulizie mkono na moyo, akufungue macho mapema kuliko alivyonifungua mimi, na kila utakayemshika aondoke mzima. Mdogo wako yuko mlangoni tangu asubuhi. Nenda ukampe pole yake.