Kijito cha Nyuma ya Nyumba

Mwenzangu wa chumbani hapa Doha, mtaa wa Abu Hamour, mlinzi wa hoteli kule West Bay, alikuwa na kijito nyuma ya nyumba yao Dar es Salaam. Mdogo wake alitaka kukijaza kifusi wajenge fremu za maduka. Mama yao akasema halimwagwi hata karai moja mpaka mkubwa aliyeko Doha atoe neno.

Mkubwa mwenyewe moyoni alishakubali. Akanionyesha picha: mchanga mkavu, chupa za plastiki, mbuzi mmoja.

"Sasa hapo kuna mto, au kuna uwanja?"

"Picha ya mwezi gani hiyo?"

"Wewe nawe! Pale ninapolinda palikuwa bahari. Wamejaza, wamepandisha maghorofa. Nani kazama?"

Hoja nzuri, nikaikubali nusu. Nikamweleza taratibu: bahari ukiisukuma, inasogea kando. Maji ya mvua yanatoka juu, yanatafuta njia ya kushuka. Akaniambia mimi dereva, nibaki na usukani wangu. Nikacheka. Kuelewa hakuna haraka.

Ijumaa ikanyesha. Kwa Doha mvua ni mgeni wa heshima. Watu walitoka nje kuipiga picha. Nilikuwa na mzigo wa bosi wa kupeleka Muaither, mwenzangu alikuwa na mapumziko, tukaenda pamoja. Kwenye bonde moja barabara imegeuka bwawa. Malori ya matangi yamepanga foleni yakinyonya maji kwa mipira, na gari moja jeupe limebaki paa tu.

"Mbona maji yamekusanyika hapa?"

"Hapa ndipo chini. Njia nyingine hayana. Kwenu mkishajaza kijito, pa chini patakuwa wapi?"

Akatoa simu mfukoni.

"Jikoni kwa Mama." Akatazama tena ile picha. "Na hii ni ya Septemba, kaka. Miaka mitatu ya jua la hapa, nimesahau masika!"

Akapiga simu palepale, sauti juu.

"Shikamoo Mama. Wasijaze."

"Marahaba. Na fremu za mdogo wako?"

"Ajenge mbele, upande wa barabara. Akinuna, mpe simu niongee naye."

"Atanuna sana, keshaita lori la kifusi. Hilo hapo getini linapiga honi."

Tukasikia kandambili zikikimbia sakafuni, kisha sauti ya Mama kwa mbali: "Wewe dereva! Usimwage! Geuza!"