Taa Iliyokataa Kuzimika

Tangu asubuhi Tahira hakukalia kiti. Mtoto mgongoni, alikwenda mpaka barabarani kutazama kama msafara wa magari ya kusindikizwa na askari umejipanga, akarudi uani, akakoroga uji uliokwisha kuiva, akatoka tena. Walikuwa bado hawajafungua njia ya Bujumbura. Mumewe Nasiri, fundi wa umeme wa magari, alikuwa amelala chali ndani ya gari la watu, kichwa chini ya usukani, miguu nje.

Lilikuwa gari la mbio, jekundu, milango miwili, tumbo karibu na ardhi. Hyacinthe, kijana wa tajiri wa mawese, alilishusha bandarini Rumonge likitoka Kigoma, pamoja na kijisanduku cha GPS cha kuonyesha mtu yuko wapi.

"Kaka Hyacinthe," Tahira alisema, "njia iko moja. Mukono huu maji, mukono huu mulima. Hiyo mashini itakuambia nini?"

"Itaniambia imebaki kilomita ngapi nifike Kabezi, pale karibu na Bujumbura. Roho itulie."

"Roho yako ao ya mashini?" Nasiri aliuliza kutoka chini ya usukani.

Walicheka wao wawili. Tahira hakuweza. Hyacinthe alitaka fundi aende naye, nyaya zisije zikalegea njiani, na Nasiri alikuwa amekubali bila hata kumtazama mkewe. Siku chache tu zilizopita, dereva mmoja wa Minago alikalishwa juani kutwa, mikono kichwani, kwa sababu ya redio ndogo yenye antena. Askari walidhani anaongea na waasi wa milimani.

Nasiri alilowesha kwa mate mpira wa kushikia kijisanduku, akaubandika chini pembeni ya kioo cha mbele usimzibe dereva macho. Waya wa masi, ule wa kurudisha umeme, aliufunga kwenye chuma cha gari, ule wa moto akaupitisha kwenye fyuzi, zote mbili akazificha nyuma ya dashibodi. Kijisanduku kikawaka. Kazi safi.

Filimbi ikalia barabarani. Hyacinthe alichomoa ufunguo akaenda kufungua buti. Tahira aliinama kuweka chupa ya maji kwenye kiti cha mumewe, akaganda. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Hyacinthe, na kile kioo kidogo bado kilikuwa kinawaka.

Alielewa mara moja. Tangu vita vianze, madereva wote wa Rumonge walitaka redio isikike hata gari likizimwa, wasipitwe na habari. Mkono wa Nasiri ulikuwa umefuata mazoea: umechukua umeme moja kwa moja kwenye betri.

"Baba Zuhura, ile taa haizimi."

"Iache, haimalizi betri."

"Sikuulizi betri! Kwenye barieri ya askari wanasema zimeni gari. Wakiona hiyo inawaka yenyewe, watasema munaongea na watu wa mulima."

Nasiri alinyakua koleo. Kisha akajitupa tena chini ya usukani.

"Fundi, tutaachwa!" Hyacinthe alipiga kelele.

"Basi tangulia peke yako," Nasiri alijibu, waya ukiwa menoni. Alikata, akatafuta waya unaokufa ufunguo ukitoka, akaunganisha, akafunga utepe. "Washa. Zima." Kioo kikawa cheusi.

Tahira aliwafuata kwa miguu mpaka barieri. Gari jekundu lilikuwa la mwisho.

"Zima," askari alisema. Akaingiza kichwa dirishani, akakitazama muda mrefu kile kijisanduku kilichozimika. "Hii iko nini?"

"Inaonyesha njia, chefu," Nasiri alisema.

"Njia?" Askari aligeuka, akatazama ziwa, akatazama mlima. Akacheka. "Na hii munaikanyaga iko nini? Haya, pitieni."

"Murakoze, chefu," Nasiri alishukuru.

Gari likaondoka mbio kuuwahi msafara. Hata vumbi liliposhuka, Tahira alikuwa bado amesimama palepale, akiyumba huku na huku, akimbembeleza mtoto aliyelala zamani.