Kengele Yenye Ufa

Nakumbuka jioni moja ya miaka ile ya vita vya shifta. Jua limekwisha kutua, vumbi la mifugo halijatulia, nami nimesimama nyuma ya lango lililofungwa, ufunguo mkononi. Mwanangu, juzi ulinijia ukaniuliza uanze na kazi ipi kati ya hizo ulizoitiwa. Nilikuambia macho yananiuma, urudi siku nyingine. Hayakuwa yakiniuma. Nilikuwa nasikia kengele. Keti basi, nikueleze.

Tulikaa upande wa Garissa, si mbali na mto, katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Serikali ilitukusanya humo ili shifta, waasi wa porini, wasipate maziwa kwetu wala mahali pa kulala. Asubuhi lango lilifunguliwa, wachungaji wakatoka na wanyama. Magharibi lilifungwa, na aliyebaki nje alihesabiwa adui.

Mimi nilikuwa kijana wa hofu. Sikuwahi kukaa darasani. Kiswahili nilijifunza mwenyewe, kwa kuwasikiliza madereva wa malori na kusoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Kabla ya kusema neno mbele ya watu nililisema kwanza moyoni, nikalirudia, nisije nikachekwa. Nikiharibu kitu kidogo, sipati usingizi.

Abti yangu, yaani ndugu ya mama, alichonga kengele za ngamia, zile za mti. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja, kwa hiyo nami aliniita abti. Alitaka nimfuate machungani, nijifunze kuchonga. Nilijaribu. Nilichonga nikatupa, nikachonga nikatupa. Kengele moja ilipata ufa ukingoni, nikainuka niitie motoni. Akanishika mkono.

"Waryaa! Unachoma nini?"

"Ina kasoro, abti. Sauti yake inakwaruza."

"Ndiyo maana nitaijua. Zisizo na kasoro zote zinalia sawa. Utajuaje anayekuja ni ngamia wa nani?"

Akamvisha ngamia wake jike, mweupe, aliyempenda kuliko wote. Akamtikisa shingo, akacheka. "Msikie! Analia kama mpwa wangu akiwa mbele ya wageni."

Muda si mrefu koplo wa lango, mtu wa bara, akatafuta kijana anayejua Kiswahili wa kushika ufunguo na kusema na wachungaji. Kulikuwa na shati la kaki na viatu. Lakini mwanangu, kilichonivuta zaidi si viatu. Niliona kazi ile ina sheria, na nilidhani anayefuata sheria hawezi kukosea. Nikamwambia abti. Hakukasirika. Alisugua meno kwa mswaki wake, akatema mate pembeni, akasema polepole:

"Abti, wewe si mtu mbaya. Lakini mtu anayeogopa kukosea asipewe mlango. Mlango una siku yake."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya mtu wa porini asiyependa viatu.

Nikaishika kazi. Wasichana wa kijiji walinitania kila asubuhi: "Fungua, Bwana Geti, mbuzi wamekuja kukupigia saluti!" Nami nilijikaza nisicheke, nikafungua saa ile ile, nikafunga saa ile ile. Koplo akanisifu mbele ya wenzake. Sifa zile nilizila kama tende.

Jioni ile abti hakurudi pamoja na wengine. Mchungaji mmoja aliniambia akipita, "Ngamia mweupe anazaa kule vichakani. Abti yako yuko naye." Sikuuliza zaidi. Kwetu mtu hamwachi ngamia anayezaa, hata aitwe na sultani. Jua likatua. Nikafunga.

Hapa nikueleze desturi moja, maana ninyi hamkuiona. Wakati wa hatari mchungaji huiziba kengele. Hushindilia majani ndani, ulimi wake usigonge, na ngamia akapita kimya kama kivuli. Abti alikuja hivyo. Nilikuwa pale langoni nimetega sikio, na sikusikia hata nyayo. Kisha, karibu kabisa, kengele ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena. Ilikwaruza.

Alikuwa ameyatoa majani ili nijue ni yeye.

Ufunguo ninao. Kufuli lile pale. Kilichobaki ni kuzungusha mkono. Lakini moyo ukaniambia: saa imepita, ukifungua bila ruhusa umekosea. Nikakimbia kwa koplo. Nilimkuta anakula. Nikasimama wima, nikatafuta maneno yaliyo sawa, nikayapanga, nikaanza:

"Afande, samahani, kuna raia mmoja..."

Risasi zikalia nje ya seng'enge. Doria nayo ilikuwa imeisikia kengele.

Koplo aliinuka, tonge mkononi. "Raia gani?"

"Mjomba wangu. Nimekuja kuomba ruhusa nimfungulie."

Akalirudisha tonge sahanini. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha. "Ufunguo si unao wewe? Mjomba wako mwenyewe, kijana! Ungemfungulia, kisha ukaja kuniambia."

Labda alisema hivyo kwa kuwa jambo lilikwisha tokea. Labda angeniadhibu. Sijui, wala sitajua. Ninachojua ni kwamba sikumpa nafasi ya kunikataza. Nilijikataza mwenyewe.

Kulipokucha tulimleta ndani. Ngamia mweupe alikuwa bado amesimama kando yake, ndama ananyonya. Mkono wa abti ulikuwa umefumbwa. Mama alikunjua vidole vya kaka yake kimoja kimoja, ndani mkawa na majani. Akamvua ngamia kengele, akaniletea.

"Uliijua?"

"Niliijua, hooyo."

Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini. Afadhali angenipiga.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi miguu yangu ilibaki mizima. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Ufunguo niliurudisha siku ile ile, nikaenda kuteka maji visimani. Wazee wa visima walinitukana, walinicheka, nilimwaga ndoo, nilikata kamba. Lakini nikikosea, maji yalimwagika, ng'ombe wakasubiri, nikateka mengine. Huko ndiko nilikojifunza kukosea, na ningelijifunza mapema, abti angelikuwa hai.

Basi mwanangu, jibu lako ni hili. Watu watakuambia kazi mbaya si mchezo mwema, shika yoyote. Wengine watakuambia tazama mshahara na viatu. Mimi nakuambia jitazame wewe kwanza, ujue unaogopa nini, maana hofu yako utaingia nayo kazini. Kisha iulize kazi: siku yako mbaya kabisa utanitaka nifanye nini? Ikikujibu jambo usiloweza kulibeba, iache, hata kama wengine wanaigombania. Kazi ya kwanza iwe ile ambayo kosa lako ni maji yaliyomwagika. Milango itakuja baadaye, mkono ukiwa umekomaa. Na siku ukipewa ufunguo, ukamsikia mtu wako nje, fungua. Ruhusa utaiomba ukiwa naye ndani.

Kengele yenyewe ile pale msumarini. Itikise kidogo kabla hujatoka, uijue sauti yake. Mola akupe mkono mwepesi kuliko hofu yako, akuondolee majuto ya namna yangu, na kila atakayefika mlangoni pako akukute umekwisha fungua. Amina, mwanangu. Nenda.